Jiwe Lililoona Jua

Jumamosi saa tatu asubuhi maabara ya miamba ilikuwa tupu, ukiwatoa watu wawili: Mkuu wa Maabara, aliyekuwa na funguo, na Inspekta Kobe, aliyekuwa na shaka. Jina la Kobe alipachikwa na wenzake kituoni, wala si kwa sababu ya mwendo. Alikuwa na shingo ndefu ambayo huitoa kwenye kola akisikia jambo lisilomkaa sawa, na akishalielewa huirudisha taratibu. Leo shingo ilikuwa nje tangu alipovuka lango. Nyumbani hakuwa na wa kumngoja, ndiyo maana Jumamosi zake nyingi huwa za serikali.

"Afande, mtu wako unaye," alisema Mkuu wa Maabara huku akihangaika na kufuli la chumba cha mawe. "Yuko ndani siku ya sita. Sijui tunatafuta nini tena huku."

"Natafuta cha kuandika, mkuu. Jumatatu saa mbili faili liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Nikilipeleka lilivyo, fundi wako anakwenda rumande, na kesi za namna hii hukaa mwaka."

"Si aliiba?"

"Ndicho ninachouliza."

Chumba cha mawe hakikuwa na dirisha hata moja. Kulikuwa na kasiki mbili za chuma, meza, mizani ya kioo na balbu moja iliyoning'inia kwa waya. Hewa yake ilikuwa ya baridi na vumbi, na mtu akinyamaza alisikia pumzi zake mwenyewe. Kobe alivuta kiti, akafungua faili na kuanza kulisoma kwa sauti, maana huo ndio mtindo wake: kusoma jambo mbele ya mtu anayelijua na kungoja pale atakapokunja uso.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jumatatu mchana wakaguzi wa mali walifika bila taarifa, wakafungua masanduku yote na kupima kila jiwe, wakilinganisha na daftari. Sanduku namba kumi na nne la kasiki ya pili lilipaswa kuwa na jiwe la tugtupiti lililosuguliwa mfano wa nusu yai, gramu ishirini na tatu na nusu. Mizani ikasema ishirini na sita na nusu. Mawe hayanenepi, kwa hiyo walilipima tena likiwa limening'inizwa ndani ya maji, wakafanya hesabu zao, na jibu likaja mbili nukta sita tano. Hiyo ni kwatzi, jiwe la kila kona, lililotiwa rangi. Tugtupiti ingekuja mbili nukta tatu na ushee.

"Na daftari la kutolea mawe," aliendelea Kobe, "tangu hesabu ya miezi mitatu iliyopita lina jina moja tu la mtu aliyefungua kasiki hii. Fundi Msasa."

"Mkataji mawe wetu. Alikuja kuchukua jiwe jingine wiki mbili zilizopita. Alikuwa peke yake humu dakika kumi, Bi Kasiki, mtunza funguo wetu, alikuwa amekwenda kula."

"Na kwenye pochi yake tukakuta kadi ya mfanyabiashara wa vito. Nimemhoji huyo bwana Alhamisi. Msasa humsugulia shanga siku za mapumziko, basi. Hakuna jiwe la thamani lililopita mikononi mwake, na vijana wangu wamepekua duka zima." Kobe alifunua ukurasa. "Sasa huyu Bi Kasiki mwenyewe, mwenye funguo. Yeye akifungua anaandikwa wapi?"

Mkuu alicheka kidogo. "Yeye ndiye anayeandika, afande. Hajiandikishi. Wewe ukiingia ofisini kwako unajisajili mlangoni?"

Kobe hakucheka. Aliandika neno moja kwenye kijitabu chake, akapiga mstari chini yake.

"Nionyeshe lile halisi lilikuwaje."

"Nitakuonyesha nini, na limeibwa?"

"Hata chembe haikubaki?"

Mkuu alifikiri, kisha akavuta mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa bahasha nyeusi. Ndani kulikuwa na kadi, na juu ya kadi chembe mbili zilizogandishwa kwa gundi, kila moja saizi ya punje ya mchele. Zilibaki lilipokatwa, alisema, miaka kumi na tisa iliyopita. Zilikuwa nyeupe na hazikuwa na lolote la kumvutia mtu.

Hapo Mkuu wa Maabara alibadilika. Mpaka dakika hiyo alikuwa mtu wa kuogopa magazeti na wizara. Sasa akawa mwalimu. Tugtupiti, alieleza, ni silikati. Silika ndiyo mifupa yake, halafu ndani yake kuna berili, alumini, sodiamu na klorini. Duniani linapatikana mahali pa kuhesabu kwa vidole, nchi za barafu. Ni jepesi na tena laini: ugumu wake ni kama nne katika kipimo cha kumi, na sindano ya chuma inalichora. Lile la bandia lilikataa sindano. Bandia ni gumu kuliko halisi.

"Lakini sifa yake hasa ni hii," alisema, akazima balbu.

Giza liliwafunika. Kisha taa ndogo ya urujuanimno ikawaka kwa mwanga hafifu wa zambarau, na zile chembe mbili zikawaka nazo, nyekundu iliyochanganyika na rangi ya chungwa, mfano wa makaa yaliyopulizwa. Kobe alisogea. Walikaa hivyo dakika chache, wanaume wawili wameinamia kadi. Mkuu alipozima taa ile na kuwasha balbu, chembe hazikuwa nyeupe tena. Zilikuwa na rangi ya waridi, nzito, kana kwamba zimetukanwa mbele ya wageni.

"Watu wa hapa wanaliita Mwenye Haya," alisema Mkuu. "Jua nalo linafanya vilevile. Likiona jua, linaiva."

"Na ukilirudisha gizani?"

"Linasahau. Saa kadhaa, siku kadhaa, mengine wiki. Linarudi jeupe. Na ukilitoa tena linaiva tena, halichoki."

Kobe alitoa mfuko wa ushahidi, akaweka jiwe la bandia karibu na kadi. Lilikuwa la waridi kama ulimi wa mtoto. Halafu akaweka kitambaa cheusi cha mahameli ambacho wakaguzi walikikuta kimelizunguka.

"Mkuu, jiwe lililofungiwa ndani ya kasiki miezi mitatu litakuwa la rangi gani?"

"Jeupe. Au na wekundu wa mbali sana."

"Na hili mlilolitoa Jumatatu mbele ya wakaguzi lilikuwa la rangi gani?"

Mkuu akakaa chini.

"Hakuna aliyesema kitu?"

"Tulipima uzito," alisema Mkuu polepole. "Afande, sisi mwanafunzi akiingia tu mwaka wa kwanza tunamfundisha asiiamini rangi. Jiwe moja linaweza kuwa na rangi kumi. Tunatazama uzito, ugumu, linavyopasuka. Rangi tunaiandika mwisho, kwa ajili ya kujaza fomu." Alijipangusa paji la uso ingawa chumba kilikuwa cha baridi. "Tulikuwa watu watano mezani, na wote ni wasomi."

"Aliyeweka hili alijua jiwe ni la pinki. Si kwamba alikosea. Alilijua hivyo. Maana yake hakuwahi kuliona likiwa jeupe." Kobe alikigeuza kile kitambaa chini ya balbu. Upande mmoja ulikuwa mweusi ti. Upande wa pili ulikuwa umepauka, umekuwa wa kahawia, mstatili mzima isipokuwa duara dogo katikati. "Kitambaa hiki kinakaa wapi siku zote?"

"Humu. Ndani ya kasiki."

"Basi humu mna jua, mkuu, wewe hujaliona."

*

Fundi Msasa aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, vidole vyake vimesagika ncha kwa sababu ya kazi, na siku sita za mahabusu zilikuwa zimemtoa nuru usoni. Nje, kwenye benchi la mapokezi, mkewe alikuwa amekaa na chupa ya chai kama alivyokaa jana na juzi. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kujifungua.

"Afande, kama ni ile kadi nimeshasema."

"Kadi tumemaliza. Niambie jiwe lilikuwa la rangi gani."

Msasa alimtazama kama mtu anayetegwa. "Lipi?"

"Mwenye Haya."

"Jeupe. Jeupe la maziwa yaliyotiwa maji, na upande mmoja lina kijivu kidogo. Linaiva likimulikwa, lakini mimi nililiona likitoka kwenye sanduku mara mbili tatu, wala halikukaa nje. Karakana yangu haina dirisha, afande. Huko kwangu hata mchana ni taa."

"Tuseme unataka kulibadilisha. Unaweka nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Tuseme tu."

Fundi alijisahau kidogo, akaingia kazini. Akakuna kidevu. "Natafuta jiwe jepesi, laini, jeupe. Nalisugua nusu saa tu. Kwatzi siwezi hata kuifikiria. Kwanza nzito, mtu akiishika tu anajua. Pili inakula msasa siku nzima. Aliyeweka kwatzi aliinunua ikiwa imeshasuguliwa, dukani, kwenye mikufu." Kisha akakumbuka alipo, mabega yakashuka. "Afande, mke wangu bado anakuja?"

"Yuko nje."

"Mwambie aende akalale."

Kobe alitoka akamwambia. Mke alijibu kwamba nyumbani hakuna mtu, na hapa angalau kuna watu wanaopita.

*

Bi Kasiki alikaa ghorofa ya tatu ya jengo lenye ngazi nyembamba. Alifungua mlango kabla Kobe hajagonga mara ya pili. Mwanamke wa karibu miaka sitini, mwembamba, amevaa miwani yenye uzi shingoni, nyumba yake imefagiwa hata pembe ambazo hakuna anayezitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Nilijua mtarudi."

Chumba kilikuwa kimoja, na jiko nyuma ya pazia. Kilikuwa na kitanda, meza, redio na viti viwili. Kiti cha dirishani mto wake ulikuwa umebonyea kwa miaka. Cha pili mto ulikuwa mpya, maua yake bado yanang'aa, na Kobe alipotaka kukikalia mwenye nyumba alishtuka kidogo, kisha akasema akae tu.

Alimwuliza maswali aliyokwisha kumwuliza Jumanne, kwa mpangilio uleule, naye akajibu vilevile. Kasiki haijafunguliwa ila na fundi. Funguo hazijatoka kiunoni mwake ila saa ya chakula. Miaka ishirini na saba ya kazi, hata sindano haijapotea.

"Fundi ni mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri." Alilisema haraka, kisha akatazama mikono yake. "Ana adabu."

"Mkewe anashinda kituoni. Jumatatu mumewe anakwenda rumande."

Kobe aliinuka akaenda dirishani. Lilitazama mashariki na jua lilikuwa limejaa juu ya kizingiti cha mbao kilichopakwa rangi ya buluu. Buluu hiyo ilikuwa imekwisha kupauka, isipokuwa mahali pamoja, mstatili wa saizi ya leso ndogo, ambapo ilikuwa bado buluu kama siku ilipopakwa. Kobe alitoa kile kitambaa kwenye mfuko, akakitandaza hapo. Kilienea bila kuzidi wala kupungua.

Alirudi akakaa. Wenzake kituoni huwatoa watu jasho kwa kupiga meza. Kobe huwatoa kwa kunyamaza. Redio ya jirani ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine.

"Kila Ijumaa," alisema Bi Kasiki hatimaye. "Mwaka wa nne sasa. Nalitoa Ijumaa jioni, nalirudisha Jumatatu kabla watu hawajafika."

"Kwa nini?"

"Utacheka."

"Sicheki."

"Kwa sababu nilikuwa mpweke, baba. Hakuna kingine." Alivua miwani. "Mume wangu alipofariki, binti akahamia mjini kati, nikabaki na mawe. Wiki nzima nafungua masanduku ya vitu visivyobadilika. Wewe uwepo, usiwepo, yenyewe vilevile. Hili moja, Jumamosi asubuhi naliweka hapo likiwa jeupe, nachemsha chai, nikirudi limeiva. Nalisalimia. Mtu mzima mimi, nasalimia jiwe." Alifuta kioo cha miwani kwa pindo la gauni, muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Sikuwahi kufikiria kuliuza. Ukitaka usiamini."

"Naamini. Jumatatu ilikuwaje?"

"Wakaguzi walipofungua nikaliona ni la pinki. Nikajua kosa langu limeonekana, watasema limetoka wapi juani. Wala hakuna aliyelitazama. Ndipo wakapima uzito. Nikajua kuna kosa la mtu mwingine juu ya langu."

"Na fundi walipomchukua?"

"Niliona." Sauti ilimpungua. "Nilisimama pale pale nikaona."

Kobe alipapasa mto aliokalia. "Mto huu ni mpya. Ni wa nani?"

Mwanamke yule alimtazama kwa macho ya kuomba. Kobe alikuwa ameona macho ya namna hiyo mara nyingi katika kazi yake, na kila mara yalimpa huzuni, na kila mara alingoja tu.

"Binti yangu," alisema.

Alilieleza jambo lote kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea kuorodhesha. Binti anauza mikufu na hereni dukani. Miaka miwili hakukanyaga hapa. Halafu Jumapili moja, karibu mwezi sasa, alikuja kuchukua cheti chake cha kuzaliwa, akasimama mlangoni hata viatu hakuvua. Akaliona jiwe dirishani likiwa limeiva, akauliza ni nini. Bi Kasiki akamweleza: limetoka wapi, lina uzito gani, watu wanalitafuta vipi. Akaingia, akakaa, akalipiga picha kwa simu.

"Nilimwambia kila kitu. Nani mwingine amewahi kuniuliza?"

"Ulimwambia linakuwa jeupe gizani?"

Bi Kasiki alifikiri. "Hapana. Hilo sikufika. Simu yake iliita akaondoka." Alishusha pumzi. "Jumapili iliyofuata akaja tena. Akaja ya tatu. Tulikunywa chai, akanisuka. Siku hiyo alilipima jiwe kwa utepe, anacheka, anasema atanitengenezea mkufu wa mfano wake. Mimi kesho yake nikaenda kununua mto."

"Na Jumapili iliyopita?"

"Aliniambia nimechoka, nilale kidogo, yeye atalifunga kwenye kitambaa. Nikalala. Nililala vizuri, unajua? Kuna mtu ndani anatembeatembea. Jumatatu nilichelewa, nikachukua furushi hilohilo nikakimbia nalo, sikulifungua." Alivaa miwani. "Labda kuna aliyemtuma. Labda analo deni, labda mwanamume. Si mtoto mbaya."

"Baada ya ukaguzi hukumwambia?"

"Hajapiga tangu Jumapili."

Kobe alitoa karatasi za maelezo, akaandika yote kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, akamsomea. Alimweleza pia, kwa sababu ni haki yake, kwamba akitia saini kazi imekwisha, na huenda kukawa na mashtaka. Bi Kasiki alisema anajua amemwaga unga. Aliuliza jambo moja tu, kama fundi atatoka.

"Kwa karatasi hii pekee watavutana nayo. Nikimpata aliye na jiwe, fundi anatoka leo. Binti yako anakaa wapi?"

"Sijui."

"Mtaa tu."

"Sijui, baba. Hajawahi kunionyesha." Alisema bila kuinua macho, na aibu ya jibu hilo ilikuwa kubwa kuliko ya mengine yote aliyoyasema. "Duka nalo silijui. Nina namba ya simu."

Kobe aliiandika namba. Angeweza kuipeleka kituoni, waitafute kwa mitambo yao, na kufika Jumatano wangekuwa na mtaa. Jiwe saizi ya nusu yai hufika mbali sana kwa siku nne. Hakulisema hilo, lakini mwenye nyumba alikuwa ameshika kazi ya mali kwa miaka ishirini na saba, akalisoma mwenyewe.

"Nitampigia mimi," alisema.

"Si lazima, mama. Sheria haikulazimishi."

"Nataka nijue kitu changu mwenyewe kwanza."

Aliweka simu mezani, akabonyeza spika. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Mama, niko kazini."

"Najua mwanangu, sikucheleweshi. Kesho Jumapili. Unakuja?"

"Kesho siwezi."

"Ijayo je?"

"Ijayo pia nina shughuli. Mama, nitakupigia, sawa?"

"Nilitaka tu tukae kidogo. Hata nusu saa."

"Nimesema nitakupigia." Nyuma yake kulikuwa na sauti ya wateja na kicheko cha msichana mwingine. "Kuna kitu kingine?"

Bi Kasiki alimtazama Kobe. Kobe alitikisa kichwa: hakumwomba, wala hangemwomba. Jua lilikuwa limeondoka nusu ya kizingiti. Mwanamke alivuta pumzi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesoma daftari.

"Hakuna. Ila nimeleta jiwe jingine. La kijani. Nimeliweka hapa dirishani."

Simu ilinyamaza. Wale wateja wakawa mbali, kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake.

"Kubwa?"

"Kubwa kuliko lile."

"Umeliazima mpaka lini?"

"Jumatatu."

"Usilishikeshike, Mama. Nakuja leo. Saa nane niko hapo."

"Leo? Si umesema una kazi?"

"Nitaomba ruhusa." Kisha, kwa sauti laini ambayo haikuwapo mwanzoni: "Halafu nimekukumbuka pia."

Simu ilikatika. Bi Kasiki aliigeuza kifudifudi. Hakulia. Alibaki amekaa, kiganja juu ya simu, na Kobe aliyekuwa amezoea kusubiri aliona safari hii kusubiri kunamshinda. Alisimama, akatoka nje ya mlango, akampigia koplo aje bila sare akae chini ya ngazi. Ilikuwa saa saba kasoro.

Aliporudi, maji yalikuwa jikoni yanachemka. Mezani kulikuwa na vikombe viwili na sahani, na mwenye nyumba alikuwa akikung'uta mto mpya dirishani.

"Utakaa huko jikoni, nyuma ya pazia," alimwambia bila kugeuka. "Kuna kigoda."

"Sawa, mama."

"Nakuomba kitu kimoja. Atauliza jiwe liko wapi, nami nitamwambia akae kwanza." Aliuweka mto kitini, akaunyoosha kwa viganja vyote viwili. "Usitoke mpaka amalize chai."